Pauni 900 zangu zilivyolala miaka miwili zikisubiri dodo chini ya mnazi

Leo siongelei kupiga picha bidhaa wala kumjibu mteja anayeuliza "bei ya mwisho". Leo tuongee kuhusu mtaji unaokaa mahali unasubiri bahati.

Wiki hii mmeniuliza swali moja zaidi ya mara tatu: "Dada, kuna sehemu ukifungua akaunti ukaweka hela kidogo, baadaye wanakupa hela ya bure. Nitoe kwenye mtaji niweke?" Badala ya kujibu ndiyo au hapana, ngoja niwasimulie yaliyonikuta mimi mwenyewe Uingereza.

Mwaka 1998 nilikuwa naishi Leicester, nafanya kazi usiku kwenye ghala la kufunga mizigo. Nilijibana mpaka nikafikisha pauni 900. Lengo lilikuwa moja tu: ninunue cherehani ya maana na vitambaa, nianze kushona na kuuza.

Chumba nilipanga kwa mama mmoja Mkenya. Mwaka mmoja kabla yake, mama huyo alikuwa ameletewa barua na Halifax: amepewa hisa 200 bure. Alipoziuza alipata zaidi ya pauni 1,400, na kosa lake lilikuwa kuwa na kitabu cha akiba tu. Akaniambia, "Mwanangu, weka mia mia kwenye hivi vyama vilivyobaki, utanikumbuka."

Nikaweka.

Hela hiyo ilitoka wapi?

Hapa ndo watu wengi hawaelewi, na mimi sikuelewa.

Uingereza kuna vyama vinaitwa bilding sosaiti. Cha kwanza kinachojulikana kilianza Birmingham mwaka 1775, kwenye nyumba ya wageni ambako watu walikutana kunywa. Vya mwanzo vilifanana sana na upatu wetu: watu wanachanga kila mwezi, inajengwa nyumba ya mmoja, kisha ya mwingine, mpaka wote wamepata, chama kinavunjwa. Baadaye vikawa vya kudumu. Unaweka akiba, mwingine anakopa anunue nyumba. Hakuna tajiri anayemiliki. Wenye akiba na wakopaji ndio wanachama, na wanachama ndio wenye chama.

Kwa kuwa hakukuwa na wenye hisa wa kugawiwa faida, ziada ya kila mwaka ilibaki ndani. Miaka mia na zaidi, ziada juu ya ziada. Ikawa akiba kubwa sana.

Mwaka 1986 ikatungwa sheria iliyoruhusu vyama hivi kugeuka kampuni za hisa, wanachama wakipiga kura wakakubali. Abbey National ilitangulia mwaka 1989, kila mwanachama aliyestahili akapata hisa 100 bure. Halafu mwaka 1997 ikawa mvua: Alliance & Leicester, Halifax, Woolwich, Northern Rock. Halifax peke yake iligawa hisa kwa watu zaidi ya milioni 7. Northern Rock ilitoa hisa 500 kwa kila mwanachama, thamani yake zaidi ya pauni 2,000.

Kwa hiyo ile haikuwa hela ya bure. Ilikuwa akiba iliyojengwa na babu na bibi za watu, ikagawiwa kwa yeyote aliyekuwa na kitabu siku ya mwisho ya kuhesabu wanachama. Aliyeweka akiba miaka 30 na aliyeweka pauni 100 juzi, mara nyingi wote walikula kwenye sahani moja.

Basi watu wakaanza kuzunguka nchi nzima kufungua akaunti, mia hapa, mia pale. Magazeti yakawaita "wenye mabegi ya zulia", jina la zamani la Marekani walilopewa watu wa kaskazini waliokwenda kusini baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kutafuta cha kuokota, nguo zao zikiwa kwenye mabegi ya kitambaa cha zulia.

Nami nikabeba begi langu

Nilifungua akaunti sita. Kwingine pauni 100 zilitosha, kwingine walishapandisha kima cha chini wakataka 250. Chama kimoja kilinikataa kabisa: walipokea wakazi wa eneo lao tu. Jumamosi zangu ziliishia kwenye basi na foleni.

Na hapa nicheke mwenyewe. Kuanzia Novemba 1997, Nationwide ilianza utaratibu kwamba mwanachama mpya anasaini karatasi: chama kikigeuzwa ndani ya miaka 5, mgao wake unakwenda kwa misaada ya hisani. Vyama vingine vikaiga. Kwenye fomu zangu, mbili zilikuwa na kipengele kama hicho. Nilisaini zote bila kusoma! Yaani hata lile dodo lingeanguka, lingeangukia kikapu cha mwingine.

Julai 1998 wanachama wa Nationwide walipiga kura kuhusu kugeuka kampuni. Walioshinda ni waliokataa, kwa tofauti ndogo sana. Mimi na mama mwenye nyumba tulisikia habari ile jikoni. Akasema, "Bado kuna vingine, subiri."

Nikasubiri.

Siku niliyolipa gharama

Mapema mwaka 1999, mama mmoja aliyekuwa anashona jirani yetu alikuwa anahama mji. Akaniita: cherehani mbili, mashine ya kufunga pindo, na marobota ya vitambaa, vyote pauni 700. Alitaka jibu kabla ya Ijumaa.

Hela ninayo, ila iko vipande sita. Nikizitoa, akaunti zinashuka chini ya kima cha chini na uanachama unakufa. Je, wiki ijayo wakitangaza mgao? Nikakesha siku mbili napiga mahesabu ya hela ambayo haipo. Ijumaa nikamwambia, "Shangazi, sitaweza." Aliyenunua ni binti tuliyekuwa tunafanya naye kazi ghalani. Mwaka ule ule msimu wa harusi akaacha kazi ya usiku.

Hakuna aliyenizuia kuchukua hela yangu. Hela haikufungwa na chama, ilifungwa na tumaini langu.

Katika vyama vyangu sita hakuna hata kimoja kilichogeuka. Bradford & Bingley iligeuka mwisho wa mwaka 2000 na wanachama wakapata hisa 250, kama pauni 600 hivi, lakini mimi huko sikuwepo. Riba yangu ya miaka miwili haikufika pauni 40. Cherehani yangu ya kwanza niliinunua mwaka 2001, moja tu.

Tuwe wakweli: kuna waliopata

Mama mwenye nyumba alipata, na alipata kihalali. Aliuza hisa zake mapema akaezeka nyumba ya wazazi wake Kisumu. Na aliyeweka pauni 100 ambazo hakuzihitaji hakupoteza kitu, maana akiba yake ilikuwa pale pale.

Waliong'ang'ania hisa wana hadithi nyingine. Hisa ya Northern Rock ilipita pauni 12 mwanzoni mwa 2007. Septemba mwaka ule watu wakapanga foleni nje ya matawi kutoa hela zao, Februari 2008 serikali ikaichukua, na wenye hisa hawakulipwa kitu. Bradford & Bingley nayo ikaishia mikononi mwa serikali mwaka 2008. Zile nyingine zilimezwa na benki kubwa. Katika vyama vyote vilivyogeuka, hakuna kilichobaki kinajitegemea.

Sasa wewe muuzaji wa mtandaoni

Kabla hujatoa mtaji kufuata bonasi, mgao au zawadi ya kujiunga, jiulize haya manne:

1. Hela hii inatoka kwa nani? Kama huwezi kusema kwa sentensi moja, usiweke.

2. Kuna tarehe na kiasi kilichoandikwa, au ni "inasemekana"? Mimi nilifuata inasemekana.

3. Nimesoma ninachosaini? Soma mpaka mstari wa mwisho. Usipoelewa, mpe anayeelewa.

4. Hela hii ingezunguka ingeniletea nini? Tuseme una 500,000, na kila wiki mbili mzigo unakuachia faida ya 40,000. Miezi sita ni mizunguko 12, yaani 480,000. Hiyo ndo bei halisi ya kusubiri, hata kama hujaibiwa senti.

Na kama uko kwenye SACCOS, kaa humo kwa sababu ya akiba na mkopo nafuu, nenda mkutanoni, piga kura. Ile ziada inayobaki ndani ndiyo inayokulinda mwaka mbaya ukifika.

Ukiwa na hela ya ziada kabisa, isiyo ya mzigo, ya kodi wala ya ada, jaribu bahati yako, sikukatazi. Ila mtaji hausubiri dodo chini ya mnazi. Mtaji unapeleka maembe sokoni.

Haya, niambie ukweli: sasa hivi una hela imekaa wapi inasubiri, na tangu lini?