Kichwa Butu au Ncha Nyekundu

Shemeji yangu, mzaliwa wa Kigoma anayeishi Columbus, Ohio, alinipigia simu akiwa dukani. Jirani yake, mzee ambaye magoti yamemkatalia kupanda vilima, alikuwa amemuuzia kwa bei ya kirafiki Marlin 336 ya .30-30. Ni bunduki ya wenzo, ile unayoisukuma chini kwa mkono wa kulia na kuirudisha ili risasi nyingine iingie, kama kwenye sinema za kauboi.

"Shem, nimesimama mbele ya rafu. Kuna kasha la dola thelathini na kasha la dola arobaini. Yote ni risasi ishirini, yote yameandikwa .30-30. Nichukue lipi?"

Nikamwambia asichukue lolote, arudi nyumbani kwanza. Mtu wa Ohio huanza na sheria, rafu baadaye. Kwa miaka mingi jimbo hilo liliwaruhusu wawindaji wa kulungu kutumia bunduki aina ya shotigani, na raifo za kawaida zilikatazwa. Mwaka 2014 likalegeza kamba, ila kwa raifo zinazotumia ganda lililonyooka tu, la kipenyo kuanzia .357 hadi .50. Ganda la .30-30 limebanwa shingo kama chupa ya soda, kwa hiyo limeachwa nje. Hoja ni kwamba sehemu kubwa ya jimbo ni tambarare yenye mashamba na nyumba kila upande, na risasi za ganda nyoofu kwa kawaida huchoka mapema, haziendi mbali. Ukivuka mpaka ukaingia Pennsylvania, .30-30 hiyohiyo ni halali kuwindia kulungu. Shemeji ana rafiki mwenye msitu wake huko. Kibali cha mgeni ni ghali mara kadhaa kuliko cha mwenyeji, lakini kununua bunduki ya pili ni ghali zaidi. Akaamua atakuwa mwindaji wa Pennsylvania.

Sasa turudi kwenye makasha.

Toa risasi moja ya dola thelathini uishike. Kichwa chake ni butu, kimekatwa bapa kwenye ncha, na ukikiangalia kwa juu utaona madini laini ya kijivu yamechomoza nje ya koti la shaba. Ubutu huo una sababu. Bunduki nyingi za wenzo huweka risasi zake ndani ya bomba lililo chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine, ncha ya hii ikigusa kitako cha iliyo mbele. Na katikati ya kitako ndipo ilipo fataki, kile kidonge kinachowasha baruti kikigongwa. Weka humo risasi yenye ncha kali ya shaba, bunduki itikisike kwa mlipuko au ianguke, na ncha hiyo inaweza kufanya kazi ya nyundo ndani ya bomba, sentimita chache tu kutoka mkono wa kushoto ulioshikilia bunduki. Ndiyo maana .30-30, iliyoingia sokoni mwaka 1895 kwa ajili ya bunduki ya Winchester 1894, imeishi na kichwa butu zaidi ya karne nzima.

Kuna bunduki za wenzo zisizo na bomba. Winchester 1895, aliyoibuni John Browning, ina kisanduku cha risasi chini ya tumbo, na risasi hulala juu ya mwenzake bila kugusana ncha. Hiyo ndiyo aliyoshuka nayo Theodore Roosevelt Mombasa mwaka 1909, ya .405, akaipeleka bara kuwindia simba. Mwenye bunduki ya kisanduku ana uhuru wa kutumia ncha kali. Mwenye bomba hana, wala asijaribu kwa sababu eti muuza duka kasema haina neno.

Sasa shika ile ya dola arobaini. Hii ni LEVERevolution ya kampuni ya Hornady. Ina ncha kali, lakini nyekundu. Ukiibonyeza kwa ukucha inabonyea kidogo kisha inarudi, kama raba. Ncha hiyo laini haiwezi kuigonga fataki kwa nguvu ya kuiwasha, kwa hiyo bomba linaipokea. Na kwa kuwa imechongoka, upepo hauishiki kama unavyoishika ile butu. Dola kumi za ziada zinanunua umbo hilo.

Je, umbo hilo lina thamani ya dola kumi? Hapa inabidi tuvumilie hesabu kidogo. Risasi butu ya .30-30 yenye uzito wa greni 170, yaani gramu 11, hutoka mtutuni kwa kasi ya futi 2,200 kwa sekunde. Ikifika yadi 200 imebaki na kama futi 1,620. Ncha nyekundu ya greni 160 hutoka kwa futi 2,400, na hata yadi 300 bado ina kama futi 1,700. Maana yake ile ya ghali, ikiwa imekwenda yadi 100 zaidi, bado ina kasi kuliko ya rahisi. Anayepiga kutoka ukingo wa shamba la mahindi, kulungu akiwa ng'ambo, dola kumi hizo zimelipa.

Nikamuuliza shemeji: "Huo msitu wa rafiki yako, ukisimama ndani unaona umbali gani?" Akafikiri. "Mti wa karibu, na mti ulio nyuma yake." Basi. Msitu wa namna hiyo kulungu hupigwa kwa yadi 50, 80 ikiwa ni bahati. Kwa umbali huo risasi zote mbili zinafika na nguvu ya kutosha na zaidi, na mnyama hatajua ipi ilikuwa na punguzo la bei.

Kwangu mimi hesabu inayostahili kuumiza kichwa ni ya mazoezi. Msimu mzima mwindaji wa kulungu anaweza kupiga risasi mbili tu, lakini kabla yake anapaswa kupiga makasha matatu au manne kwenye uwanja wa shabaha, kurekebisha darubini na kuzoea kifyatulio. Risasi 80 kwa dola moja na nusu kila moja ni dola 120. Kwa dola mbili ni dola 160. Nimeona watu wananunua kasha moja la ghali, wanapiga tatu, wanahifadhi kumi na saba "za msimu", kisha wanashangaa kulungu amekimbia na jeraha. Kuna wanaofanya mazoezi kwa rahisi na kuwinda kwa ghali. Hao nao wajue kwamba risasi mbili tofauti hazigongi mahali pamoja, hata zikitoka bunduki moja, kwa hiyo darubini irekebishwe upya kwa ile ya kuwindia.

Kama angebaki na uwindaji wa Ohio, mazungumzo yangekuwa mengine. Angetazama .45-70, ganda kubwa nyoofu la jeshi la Marekani la mwaka 1873. Kasha lake la ishirini huanzia kwenye dola 45 hivi na kupanda, na bega hulipa riba kwa kila msukumo wake. Hapo kuna mtego wa mnunuzi. Chini ya jina moja zinauzwa risasi za shinikizo la chini, salama hata kwa bunduki za karne ya kumi na tisa, na nyingine kali zilizotengenezwa kwa Marlin 1895 ya kisasa. Ukiitia ile kali kwenye bunduki ya babu inaweza kupasuka. Maandishi madogo ubavuni mwa kasha ndiyo yanayotofautisha, na yasomwe kabla ya bei.

Au angetazama .357 Magnum, ambayo kwa mwenye kipato cha kawaida naiona ndiyo ya akili kuliko zote, ilimradi akubali kutopiga mbali ya yadi 100. Bunduki ya .357 kwa kawaida hula pia .38 Special, na kasha la hamsini la .38 mara nyingi hupatikana kwa bei ya kasha la ishirini la .30-30, wakati mwingine chini yake. Huyo anaweza kufanya mazoezi kila wiki mbili bila mke kuuliza fedha zinakwenda wapi. Mwaka 2023 Remington walileta .360 Buckhammer, iliyobuniwa hasa kwa bunduki za wenzo na majimbo ya ganda nyoofu. Ni risasi nzuri, ila ingali changa. Tembelea maduka matatu kwanza uone kama yote yanayo, maana bunduki isiyopata risasi ni fimbo ya gharama.

Jambo moja zaidi, kwa wale walioko California. Tangu Julai 2019 hairuhusiwi kuwinda huko kwa kutumia vichwa vya madini ya risasi, kwa sababu tai wakubwa waitwao kondori hula mizoga na kupata sumu. Kiswahili hapa kinatutega, kwa kuwa madini na chombo tumevipa jina moja: Mswahili wa California analazimika kununua risasi isiyo na risasi. Hiyo ni ya shaba tupu, nyepesi kidogo, na kwa .30-30 huweza kufika dola 45 au zaidi kwa kasha.

Shemeji hakunitii moja kwa moja. Alinunua makasha matatu: butu la greni 150, butu la greni 170, na ncha nyekundu, akaenda uwanjani Jumamosi na karatasi tisa. Alipiga tatutatu kwa yadi 100, akiuacha mtutu upoe kati ya kila kundi. Akanitumia picha. Za greni 150 zilitawanyika ukubwa wa sahani ya wali. Ncha nyekundu zilikaa ukubwa wa bakuli. Zile za greni 170, za bei ya chini, alizifunika zote tatu kwa kisahani cha kikombe. Bunduki nyingine ya chapa hiyohiyo ingeweza kuchagua kinyume kabisa, na ndiyo sababu fedha za makasha yale mawili sizihesabu kuwa hasara.

Jumatatu akarudi dukani na kipande cha kasha mfukoni, akatafuta namba ya toleo ileile, akachukua makasha matano. Muuzaji akamuuliza anategemea kuua kulungu wangapi.

"Mmoja," akasema, "akipatikana."