Magurudumu Matatu na Uzito wa Jina

Wahenga walinena kwamba jina jema hung'ara gizani. Hawakutueleza jina la dharau hufanya nini mchana kweupe. Hilo mimi nilifunzwa mjini Thika, jioni moja ya mvua, nikiwa nimeketi ndani ya tuktuk iliyokuwa ikielekea Makongeni.

Dereva alikuwa amejifunika kofia ya koti lake hadi kwenye nyusi. Tulipofika nilimwuliza nauli, naye akanijibu kwa sauti niliyoifahamu. Alikuwa mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu. Nilimsalimu kwa furaha. Yeye akainamisha kichwa. "Mwalimu," akasema, "nakuomba usiwaambie wenzangu." Nilipotaka kujua sababu, alinikumbusha mhadhara wangu wa juma lililotangulia. Siku hiyo nilikuwa nikifafanua viambishi vya udogo na ukubwa. Katika kutafuta mfano wa udogo wenye kudunisha, niliandika ubaoni neno "kituktuk", na darasa zima likaangua kicheko. "Hata mimi nilicheka, Mwalimu," akaniambia. "Nisingecheka wangenijua."

Maneno hayo yalinichoma. Mtu aliyesomea lugha hadi shahada ya uzamifu alikuwa amemfanya kijana acheke kazi inayomlipia karo. Niliamua basi kutenda nilichopaswa kutenda kabla ya kushika chaki: kukisikiliza chombo hiki kikisemwa na wale wanaokijua.

Katika miji ya Thika na Ruiru, inayounganishwa na barabara kuu iliyozinduliwa mwaka 2012, tuktuk haishindani na matatu kwa safari ya Nairobi. Kazi yake ni kumpokea abiria pale matatu inapomwachia na kumfikisha mtaani kwake, pamoja na mtoto wake na kikapu chake cha sokoni. Ushindani wenyewe uko baina ya tuktuk na tuktuk. Keti katika steji yoyote saa za mchana, abiria wanapoadimika, nawe utausikia. Mwenye Bajaj husema kwamba chombo chake ni chepesi, hunywa petroli kidogo, na vipuri vyake havimsumbui fundi. Mwenye Piaggio ya dizeli humjibu kwamba wepesi si sifa kwa mtu abebaye magunia, na kwamba yeye hupanda mlima akiwa amejaa. Mwenye TVS huingilia kati akidai kwamba wenzake wanasifu ukongwe. Abiria naye ana hukumu yake: ile ya dizeli humtikisa na kumziba masikio, lakini mvua ikinyesha huipanda iliyo karibu, wala haulizi imetoka kiwanda gani.

Laiti wabishani hao wangejua kwamba wanaotetewa ni jamaa wa nyumba moja! Kampuni ya Piaggio ni ya Italia. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, watu wengi wa huko hawakumudu gari. Mwaka 1946 kampuni hiyo ilitoa pikipiki iliyoitwa Vespa, yaani nyigu, na mwaka 1948 ikafuatisha chombo cha magurudumu matatu cha kubebea mizigo kilichoitwa Ape, yaani nyuki. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Bajaj ya India ilikuwa ikiunda Vespa kwa kibali cha Piaggio hiyo hiyo. Baadaye Piaggio nayo ilijenga kiwanda India, katika jimbo la Maharashtra, ambalo ndilo makao ya Bajaj. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime.

Majina nayo yana safari ndefu. Tuktuk ni tanakali ya sauti iliyotufikia kutoka Thailand, ambako chombo hicho huitwa pia kwa jina lenye maana ya magurudumu matatu. Sikio la Mswahili halikuhitaji kufunzwa upya kulipokea neno hilo, kwa sababu tayari tulikuwa na pikipiki, jina lililozaliwa kwa njia iyo hiyo. Wahindi husema riksho, neno lenye asili ya Kijapani ambalo viungo vyake ni mtu, nguvu na gari. Injini ilipochukua nafasi ya mtu, jina lilibaki. Ndugu zetu wa Tanzania wamelifanya jina la kiwanda kuwa nomino ya kawaida: kwao hata TVS ni bajaji, na hakuna anayeona ajabu. Na sisi tunaojigamba kwa matatu tusisahau kwamba jina hilo latokana na mapeni matatu ya nauli ya siku zile. Leo hakuna aitajaye matatu huku akiwaza mapeni.

Je, basi, dharau yatoka wapi? Haitoki kwenye idadi ya magurudumu. Nchini Kanada, tangu mwaka 2007, huundwa chombo cha magurudumu matatu kiitwacho Spyder. Wamarekani nao walitoa Slingshot mwaka 2014. Hivi havibebi abiria wa nauli. Ni vyombo vya michezo na starehe, na mashabiki wao hubishana juu ya kipi bora kwa ari ile ile ya madereva wa Ruiru. Uingereza ilikwenda mbali zaidi ikavigawa vyombo vya jinsi hii mafungu mawili: Morgan ya magurudumu matatu iliheshimiwa katika mashindano ya mbio, ilhali Reliant Robin, iliyotoka mwaka 1973, ilifanywa kichekesho kwa miaka mingi.

Wahandisi watanikumbusha kwamba Spyder, Slingshot na Morgan zina magurudumu mawili mbele na moja nyuma, hali tuktuk na Robin zina moja mbele. Ni kweli, na tofauti hiyo si ndogo: chombo chenye gurudumu moja mbele huelekea kupinduka kwa urahisi zaidi kikifunga breki kwenye kona. Wala sidai kwamba madereva wetu ni malaika. Wapo wanaopakia abiria kupita kiasi, na wapo wanaoendesha upande usio wao ili kukwepa msongamano. Watu hao wakemewe, tena kwa sauti. Lakini kumkemea mtu kwa tendo lake ni jambo moja, na kumdunisha kwa jina la kazi yake ni jambo jingine. Anayeendesha vibaya anaweza kuendesha vizuri kesho. Aliyetiwa kiambishi cha dharau hana la kurekebisha.

Hapa naomba walimu wenzangu wanielewe. Silaumu kiambishi ki-. Kitabu hakina dharau, kiongozi hana, na Kiswahili chenyewe hakina. Lakini lugha hii imekwisha kutuonyesha kwamba inaweza kujisahihisha. Wengi wetu tulisoma katika madarasa ambamo neno "kilema" lilitamkwa bila mtu kugeuka. Leo mwalimu mwangalifu husema mlemavu, au mtu mwenye ulemavu, na mtahini humtazamia mwanafunzi afanye vivyo. Sarufi haikuvunjika. Tulichofanya ni kumtoa binadamu katika ngeli ya vitu na kumrejesha katika ngeli ya watu. Ikiwa tuliweza kufanya hivyo kwa neno lililozoeleka miaka na mikaka, tutashindwaje kwa neno la juzi?

Watasema baadhi kwamba mzaha ni mzaha, na kwamba lugha isiyo na utani ni chakula kisicho chumvi. Nakubali. Madereva wa steji hutaniana tangu asubuhi hadi usiku, na maneno yao ni makali kuliko langu. Tofauti ni kwamba wao hutaniana wakiwa sawa, na anayetaniwa ana haki ya kujibu. Ubaoni hakuna usawa huo. Chaki iko mkononi mwa mmoja, na wengine wote wanasubiri alama.

Juma lililofuata nilirudi katika ukumbi ule ule. Niliwaambia wanafunzi kwamba mfano wangu ulikuwa sahihi kisarufi na mbaya kiadabu, nikaufuta katika somo, nikawapa kazi ya kwenda stejini kukusanya msamiati wa usafiri kutoka kwa madereva wenyewe na kuwataja kuwa walimu wao. Sikumtaja mtu. Walileta kazi nzuri kupita nilivyotarajia, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameketi na mtu ambaye hapo awali alimpa nauli tu.

Kijana yule bado hajawaambia wenzake, nami simlaumu. Kicheko cha darasa zima hakifutwi kwa siku moja. Lakini mwalimu anayesoma makala haya, kabla ya kuandika mfano wake wa kesho, na awaangalie wanafunzi walio mbele yake, ajiulize ni nani miongoni mwao aliyelipiwa karo kwa kazi anayotaka kuichekesha.