Umri wa Mnyanya na Ukinzani wa Bakajani Chelewa

Bakajani chelewa husababishwa na Phytophthora infestans, kimelea kinachofanana na ukungu ingawa kwa nasaba kiko karibu zaidi na mwani wa kahawia kuliko uyoga. Hupenda ubaridi na unyevu. Mvua na ukungu vikifululiza, shamba la nyanya linaweza kuteketea kwa siku chache. Kimelea hicho ndicho kilichoangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845.

Jeni kuu za ukinzani zilizomo katika mbegu za nyanya zilitoka kwa ndugu wa porini, Solanum pimpinellifolium, mmea wa Peru na Ekuador wenye matunda madogo mno. Ya kwanza, Ph-1, iko kwenye kromosomu ya 7. Ilitegemewa kwa muda, kisha zikazuka aina za kimelea zilizoishinda, na leo haina msaada mkubwa.

Ph-2, iliyo kwenye kromosomu ya 10, inastahili kutazamwa kwa utulivu zaidi, kwa sababu haizuii ugonjwa bali huupunguza kasi. Madoa hutanuka polepole, spora huwa chache, na mkulima hupata nafasi ya kuvuna. Mmea uliorithi jeni hiyo kutoka kwa wazazi wote wawili hukinza kuliko uliorithi kutoka kwa mmoja. Umri nao una neno lake. Mche wa Ph-2 ukiambukizwa ungali mdogo unaweza kuugua karibu sawa na mche usio na jeni hiyo. Mmea ukishakomaa ndipo tofauti hujitokeza wazi. Hivyo mtafiti anayepima miche pekee anaweza kuitupa mbegu nzuri kwa kudhani haifai. Dawa ya kosa hilo ni vialama vya DNA, vinavyoonyesha jeni iliyomo tangu mche ungali na majani mawili.

Umri wa mmea usichanganywe na mahali jani lilipo kwenye shina. Katika viazi mviringo, jamaa wa karibu wa nyanya, majani ya chini huugua kwa urahisi kuliko ya kileleni, hata kwenye shina moja.

Ph-3, ya kromosomu ya 9, ina nguvu zaidi. Mwaka 2014 ilibainika kuwa hutengeneza protini ya ulinzi ya ndani ya seli. Protini za kundi hilo hutambua dalili za kimelea, kisha seli zilizovamiwa hujiua na kukinyima chakula. Hata hivyo, ziko aina za kimelea zinazoipita Ph-3 ikiwa peke yake, ndiyo maana wazalishaji wa mbegu huiunganisha na Ph-2, kama katika chotara Mountain Magic wa North Carolina, Marekani. Mbegu za namna hiyo nazo huhitaji ulinzi kitaluni na katika majuma ya kwanza shambani, kabla Ph-2 haijaonyesha nguvu yake yote.