Plagi iliingia, mashine ikaungua

FUNDI wa redio na simu hapa Mulago aliifungua ile mashine juu ya meza yake, akainusa, kisha akanitazama.

"Mwalimu," alisema, "plagi uliipata. Volti hukuuliza."

Sikuwa na la kujitetea. Mashine hiyo ni nebulaiza, kifaa kinachogeuza dawa ya pumu kuwa ukungu ili mgonjwa aivute kwa barakoa. Ilikuwa mali ya mwanafunzi wangu wa darasa la sita, aliyeletewa na shangazi yake anayeishi Boston, Marekani. Mimi ndiye niliyeiunguza, tukiwa kambini.

Ilikuwa wakati wa likizo. Tuliwapeleka vijana wa skauti Kaazi, kwenye uwanja wao wa kambi ulio kando ya Ziwa Victoria, kusini mwa Kampala. Mama wa mtoto alinikabidhi mashine, dawa na maelekezo. Niliona plagi yake ina meno mawili bapa, ilhali soketi zetu za Uganda zina matundu matatu. Nikanunua adapta ndogo ya plastiki, nikaijaribu kwenye soketi bila kuwasha umeme. Ikaingia vizuri. Nikaamini kazi imekwisha.

Usiku wa pili, saa nane hivi, mtoto alibanwa na pumu. Tukawasha jenereta, nikachomeka mashine. Ilinguruma kwa kishindo, ikatoa harufu ya waya unaoungua, kisha moshi. Baada ya hapo ikanyamaza. Kilichosikika ndani ya hema ni kifua cha mtoto kikipiga filimbi.

Aliyetuokoa ni muuguzi tuliyekwenda naye. Alikuwa na inhela ya salbutamol. Alitoboa tundu kwenye kitako cha chupa ya plastiki ya nusu lita, akaingiza mdomo wa inhela, na mtoto akavuta dawa kwa mdomo wa chupa. Njia hiyo inakubalika kitabibu pale pasipo na kifaa maalumu, wala haihitaji umeme. Pumzi ilipotulia kidogo, tulimpakia garini tukampeleka hospitali usiku uleule. Alipona.

Tangu siku hiyo nimejiuliza kwa nini mtu mzima, tena mwalimu, alikosea jambo dogo hivyo. Jibu nimelipata katika redio ya marehemu baba.

Familia yetu ilikimbilia Zaire, na mimi nilisomea shule ya msingi huko Aru, ng'ambo ya mpaka kutoka Arua. Tuliporejea mwaka 1988, baba alibeba redio kaseti aliyoinunua Bunia. Plagi yake ilikuwa ya meno mawili ya mviringo, kama ilivyo desturi ya Kongo iliyotawaliwa na Ubelgiji. Sisi Uganda tulirithi plagi ya Waingereza, yenye meno matatu bapa na fyuzi ndani yake. Tulipofika Kampala, kaka alisukuma kijiti kwenye tundu la juu la soketi ili yale mawili ya chini yafunguke, akaibana plagi humo. Redio ikaimba, na iliendelea kuimba kwa miaka mingi.

Wasomaji wengi wanaujua ujanja huo wa kijiti au kalamu. Ni wa hatari, kwa sababu plagi hulegea, hutoa cheche, na kifaa hakilindwi na fyuzi ya plagi. Lakini redio haikuungua kwa kuwa umeme wa Zaire ulikuwa wa volti 220 na wa kwetu ni 240. Hizo ni jirani. Mimi nikakua nikiamini kwamba kinachoingia kinafaa.

Marekani ni habari nyingine. Umeme wa majumbani huko ni volti 120, nusu ya wetu. Ile adapta ndogo hubadilisha umbo la plagi tu. Umeme unaopita ndani yake ni uleule wa 240. Pasi ya Kimarekani ikichomekwa hapa kwa adapta kama hiyo huvuta nguvu mara nne ya ile iliyotengenezewa. Mota ya nebulaiza nayo huungua nyuzi zake.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya kufunga mizigo ya kambi au safari, fanya mambo matatu.

Kwanza, soma kibandiko kilicho mgongoni mwa kifaa au kwenye chaja yake. Kikiandikwa 100-240V, 50/60Hz, kama zilivyo chaja nyingi za simu na kompyuta za mkononi, adapta ya plagi inatosha. Kikiandikwa 120V peke yake, unahitaji transfoma ya kushusha umeme, yenye wati zinazozidi zile za kifaa. Usipokuwa nayo, kiache nyumbani.

Pili, tazama umeme unaotoka kwenye chaja. Chaja za kompyuta zinaweza kuwa na ncha zinazofanana, lakini moja ikatoa volti 12 na nyingine 19. Usiazime ya jirani kwa kuangalia tundu.

Tatu, jua chanzo cha umeme wa kambini. Betri ya gari dogo ni volti 12, lakini malori na mabasi mengi makubwa hutumia 24. Inveta ya volti 12 ikiunganishwa na basi la shule inaweza kuungua palepale.

Kisha jaribu kila kifaa nyumbani kwa kukiwasha, mchana, wakati hakuna anayekihitaji. Hilo ndilo sikulifanya.

Fundi hakuweza kuifufua ile mashine. Nilikwenda kwa mama wa mtoto, nikamweleza yote, na nimemlipa nyingine. Siku nilipoipeleka, mtoto hakutazama plagi. Aliigeuza mashine kifudifudi, akatafuta kibandiko, akasoma kwa sauti: volti 230, hezi 50. Ndipo akamwomba mama yake aichomeke.