Vitabu vya kale: Shauku ya macho na amana ya sandukuni

KILA mwaka mji wa Sharjah, katika Umoja wa Falme za Kiarabu, huwa na maonyesho ya kimataifa ya vitabu yaliyoanza mwaka 1982. Familia nyingi huingia humo kutafuta vitabu vipya vya watoto na vya shule. Lakini wapo wanaoyapita mabanda hayo kwa haraka, wakaenda kusimama kimya mbele ya makabati ya vioo ya wafanyabiashara wa vitabu adimu. Ndani ya vioo mna misahafu iliyoandikwa kwa mkono, ramani za bahari na nyaraka za zama zilizopita. Mtu husogeza uso wake karibu, akatamani kukishika kitabu japo kwa dakika moja. Kisha huuliza bei, akarudi nyuma taratibu.

Ndugu msomaji, shauku hiyo haina aibu. Wahyi wa kwanza kumshukia Mtume Muhammad (SAW) ulianza kwa amri ya kusoma, na ukaitaja kalamu. Umma uliolelewa juu ya msingi huo ulikipenda kitabu mapenzi ya ajabu. Yasimuliwa kwamba al-Jahiz, mwandishi mashuhuri wa Basra wa karne ya 9, alikuwa akikodi maduka ya wauza vitabu ili apate kulala humo akisoma. Mwaka 987 Ibn al-Nadim, muuza vitabu wa Baghdad, aliandika orodha yake iitwayo al-Fihrist, akavitaja vitabu vingi mno vilivyojulikana katika zama zake. Sehemu kubwa ya vitabu hivyo leo hatuna ila majina yake.

Naye Yaqut al-Hamawi, mwanajiografia aliyepata kuishi katika mji wa Merv, alieleza kwamba nyumbani kwake hazikukosekana juzuu zipatazo 200 alizoazima katika maktaba za mji huo. Mwaka 1221 majeshi ya Wamongoli yaliuangamiza mji wa Merv. Anayeyajua haya hawezi kukitazama kitabu cha kale kama anavyotazama chombo cha pambo. Hukitazama kama manusura wa jahazi lililozama.

Hata hivyo, yatupasa tujiulize: tunatamani nini hasa? Yupo anayetamani kumiliki ili watu waseme anacho. Yupo pia anayetamani kujua, naye hutosheka akiruhusiwa kusoma na kunakili. Wote wawili husimama mbele ya kioo kimoja, lakini nia zao ziko mbalimbali, na amali huhesabiwa kwa nia.

Umar bin Khattab (RA) alipopata ardhi ya Khaybar, akaiona kuwa ndiyo mali bora kabisa aliyopata kumiliki, alimwendea Mtume (SAW) kutaka ushauri. Alishauriwa aizuie ardhi yenyewe na ayatoe sadaka mazao yake. Basi ikawa haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi. Kwa kanuni hiyohiyo wazee wetu waliviwekea wakfu vitabu, wakaandika katika kurasa zake kwamba ni vya wanafunzi wa elimu. Kitabu cha namna hiyo kikionekana sokoni, swali la kwanza si bei yake. Swali ni hili: kiliondokaje msikitini, na nani aliyekitoa?

Swali hilo latuhusu sisi watu wa pwani ya Afrika Mashariki moja kwa moja. Barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu, ambazo ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya lugha yetu yanayojulikana, zimehifadhiwa Goa, nchini India. Miswada mingi ya tenzi zetu iko London, katika chuo cha SOAS. Tuseme kweli: baadhi ya waliokusanya nyaraka hizo waliziokoa na mchwa. Na nyumbani pia hazikosi watunzaji. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mkusanyiko wake wa miswada. Mkusanyiko wa Kiarabu wa Zanzibar uliingizwa na UNESCO mwaka 2003 katika orodha ya kumbukumbu za dunia. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, imepigwa picha, nayo yenyewe ikabaki Lamu.

Lakini ni nyaraka ngapi ziko mvunguni mwa vitanda vyetu? Mzee anapofariki, warithi hugawana nyumba, shamba na dhahabu. Sanduku la vitabu halina wa kuligombea. Vijana hufungua, wakaona herufi za Kiarabu, wakadhani yote ni dua. Kumbe mna hati ya shamba, mkataba wa ndoa, hesabu za biashara, nasaba, au utenzi wa Kiswahili alioutunga bibi yao. Mgeni akija na fedha kidogo, sanduku huondoka. Asipokuja mgeni, mvua na mchwa humaliza kazi.

Wengine huzichoma karatasi kuukuu kwa kuchelea zisikanyagwe. Nia ni njema, lakini ni vyema kumwonyesha kwanza mjuzi. Mwaka 1972, mafundi waliokuwa wakiukarabati Msikiti Mkuu wa Sana'a, Yemen, walikuta juu ya dari kurasa chakavu za misahafu. Ndani yake zilipatikana baadhi ya kurasa za kale kabisa za Qur'ani zinazojulikana duniani.

Basi leo, baada ya sala ya Ijumaa, mwombe mzee wa nyumba akufungulie sanduku. Oshe mikono na uikaushe vizuri. Usizibandike kurasa kwa gundi ya utepe, wala usizipeleke zikafunikwe kwa plastiki ya moto, kwani huharibu zaidi. Ziinue kutoka sakafuni, uziweke pakavu, mbali na jua. Zipige picha kwa simu, ukurasa baada ya ukurasa. Muulize mzee kila karatasi ni ya nani, uandike majibu katika daftari angali hai. Ukikuta maneno ya wakfu, rejea kwa imamu na warithi wenzako kabla ya jambo lolote.

Tumefundishwa kwamba mja akifa amali zake hukatika isipokuwa tatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha na mtoto mwema anayemwombea. Sanduku la babu laweza kuzikusanya zote tatu, iwapo huyo mtoto atalifungua. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe watunzaji wa amana. Amin.