Vitanda Kumi na Sita vya Maulidi

Ukitembea Industrial Area ya Nairobi utazikuta barabara zenye majina ya kwetu: Likoni, Changamwe, Lunga Lunga. Likoni hiyo haina feri wala bahari. Ina viwanda, malori na moshi. Lakini kwa sisi watu wa pwani tuliokwenda huko kutafuta riziki, majina hayo yalitosha kututia hamu ya nyumbani, na hamu ilizidi kila Mfungo Sita ulipoandama, maana ndio mwezi wa Maulidi ya Lamu, pale msikiti wa Riyadha.

Leo, wasomaji wapenzi, nataka tukumbushane namna jamaa wa Industrial Area na mitaa ya jirani, Makongeni, Kaloleni na Majengo ya Pumwani, walivyokuwa wakisafiri pamoja kwa gari la moshi la usiku. Gari hilo liliondoka Nairobi jioni na kuingia Mombasa asubuhi. Daraja la kwanza lilikuwa na vyumba vya vitanda viwili. La pili lilikuwa na vyumba vya vitanda vinne, viwili chini na viwili juu. La tatu ni mabenchi matupu. Katika daraja la pili wanaume walikuwa na vyumba vyao na wanawake vyao, isipokuwa watu wa jamaa moja wakichukua chumba kizima.

Mwaka 1995 Maulidi yaliangukia Agosti, shule zimefungwa, nami nikakabidhiwa daftari la majina. Tulianza watu wanane: wanaume wanne, wanawake wanne. Vyumba viwili, hesabu sawasawa. Lakini safari ya Maulidi haifichiki. Kila aliyesikia alikuja na neno moja: "Na mimi nitie, mwanangu."

Akaja seremala mmoja wa Kaloleni, na mkewe, na binti yake, na mama mkwe wake. Karani wa stesheni akafurahi: jamaa moja, watu wanne, chumba kimoja. Mzee wetu wa msafara akatikisa kichwa. "Reli yahesabu vitanda," akasema, "sisi twahesabu heshima. Mtu alale chumba kimoja na mkwewe, asubuhi watatazamana vipi?" Ikabidi tuwatenganishe. Wanaume wakawa watano na wanawake saba, na hesabu yangu yote ikavurugika.

Nilijifunza hapo kwamba kupanga vyumba si kazi ya kalamu peke yake. Palihitajika kujua nani hawezi kupanda kitanda cha juu kwa sababu ya magoti, nani ananyonyesha, nani na nani hawasemezani tangu harusi ya mwaka jana. Vitanda vya chini tuliwapa wazee bila ya kuulizana. Waliogombana tuliwatia chumba kimoja makusudi, na walipofika Voi walikuwa wakigawana mahamri.

Wakaongezeka vijana watatu wa kiwanda cha sabuni, na bibi mmoja wa Majengo. Sasa tulikuwa kumi na sita: vyumba viwili vya wanaume, viwili vya wanawake, hakuna pengo. Nikalifunga daftari.

Siku ya safari yenyewe, alasiri, akatokea mzee aliyekuwa hamali katika maghala ya Industrial Area tangu kabla ya uhuru. Mwenyeji wa Lamu, na miaka yote hiyo hakupata kurudi kwao. Nauli alikuwa nayo, ameifunga katika pindo la kikoi. Vitanda vya gari zima vilikuwa vimekwisha. Mimi nilimwambia ukweli huo, naye hakubisha; aliinamisha kichwa tu.

Ndipo mmoja wa wale vijana wa sabuni aliposema, "Mzee alale kwangu. Mimi nitakaa daraja la tatu." Hakuna aliyemwomba. Usiku kucha alikaa kwenye benchi baina ya magunia na watoto wa watu. Asubuhi, tulipovuka Makupa, mama mkwe wa seremala alikuwa amemwekea chai kwenye chupa na mahamri ya mwisho.

Tulipanda basi hadi Mokowe, kisha tukavuka kwa mashua. Yule hamali aliposhuka gatini Lamu alijulikana kwa jina la babake. Baada ya Maulidi hakurudi nasi Nairobi, alibaki kwao. Mfungo Sita uliofuata haukumkuta; alikwisha kuzikwa katika ardhi ya wazee wake.

Tangu 2017 tuna reli mpya, na kutoka Nairobi hadi Miritini ni mwendo wa saa tano au sita hivi. Ni neema, wala siilaumu. Lakini humo mna viti tu, na kila mtu hununua tiketi yake kwa simu, akakaa na namba yake. Hapana tena wa kuuliza nani ana magoti mabovu. Basi vijana mnaopanga safari leo, iwe ya Lamu, ya harusi, au ya Hija ambako watu hugawana vyumba Makka, daftari lisiwe la majina na fedha peke yake. Mzee wetu wa msafara alikuwa akisema: kitanda hakinyumbuki, ila moyo hunyumbuka.