Maua Mengi, Maboga Machache

Mvua za masika zikisha kolea, mmea wa maboga hutambaa uani kwa kasi, ukapanda uzio, na baada ya majuma sita au saba ukajaa maua makubwa ya manjano. Mwenye bustani hufurahi, akaanza kuhesabu maboga atakayovuna. Kisha maua hunyauka na kuanguka moja baada ya jingine, na vitunda vichache vilivyokwisha onekana navyo hugeuka rangi, hulainika na kuoza. Hapo lawama huanza. Mmoja husema udongo umechoka, akaongeza mbolea. Mwingine hushuku wadudu, akanunua dawa. Na wapo wanaomgombeza mtoto, kwani sehemu nyingi za Afrika Mashariki huaminiwa kwamba boga changa likinyoshewa kidole halikui.

Mtoto hana kosa. Mbolea na dawa, kwa upande wake, mara nyingi huzidisha hasara hiyo hiyo iliyokusudiwa kuondolewa. Ili kuelewa sababu yake, hapana budi kulitazama ua lenyewe kwa makini.

Kila mtu anaufahamu mpapai dume, ule unaotoa vishada virefu vya maua wala hauzai. Katika mpapai, uume na uke kwa kawaida hukaa katika miti mbalimbali. Mmea wa maboga nao una maua ya namna mbili, ila yote hukaa katika mmea mmoja. Ua la kiume husimama juu ya kikonyo kirefu na chembamba, na ndani yake umo mchi mmoja uliopakwa unga wa manjano. Unga huo ndio chavua. Ua la kike lina kikonyo kifupi, na chini ya petali zake kimo kitunda kidogo cha mviringo. Ndani yake hakuna mchi wa unga bali kichwa kinene chenye ndimi zinazonata. Kitunda kile si boga bado. Ni ahadi tu, na ahadi hiyo hutimia chavua ikifika kwenye ndimi siku ile ile ua linapofunguka.

Mmea hutanguliza maua ya kiume, na hata baadaye hayo huwa mengi kuliko ya kike. Kwa hiyo maua ya mwanzo yakianguka yote, hapana ugonjwa wowote. Ndiyo desturi ya mmea. Aidha, mmea uliolishwa samadi nyingi mno au mbolea ya naitrojeni kupita kiasi hujitia katika majani na matawi, ukachelewa kutoa maua ya kike. Hali hiyo huwafaa wapendao majani ya maboga kuliko wapendao maboga.

Chavua ya maboga ni nzito tena inanata, na upepo hauwezi kuibeba. Yahitaji nyuki. Ua hufunguka alfajiri na kujifunga kabla ya adhuhuri, wala halifunguki tena. Katika saa hizo chache nyuki hana budi kwenda na kurudi mara nyingi, maana boga moja lina mbegu mamia, na kila mbegu huhitaji punje yake ya chavua. Punje zikiwa chache, boga hukua upande mmoja tu au hubaki dogo. Zikikosekana kabisa, kitunda hugeuka manjano na kuoza baada ya siku chache. Sasa yafikiriwe masika yenyewe: mvua ikinyesha asubuhi nyuki hatoki mzingani, na chavua iliyolowa huharibika. Na yule aliyenyunyiza dawa ya wadudu saa moja asubuhi amewaua wale wale waliokuwa wakija kumfanyia kazi bila ujira. Ikilazimu kutumia dawa, na inyunyizwe jioni, maua yakiwa yamekwisha jifunga.

Lakini mwenye bustani aweza pia kuifanya kazi ya nyuki kwa mkono wake. Jioni huyatazama machipukizi ya maua: yale ambayo ncha zake zimeanza kuwa za manjano yatafunguka kesho. Ikiwa mawingu yametanda, huyafunga kwa uzi, bila kukaza, yasiloe. Kunapokucha, kati ya saa kumi na mbili na saa tatu, huchuma ua la kiume lililofunguka, akazibandua petali zake, na ule mchi wa unga akaupaka taratibu juu ya ndimi zote za ua la kike. Ua moja la kiume latosha maua mawili au matatu ya kike. Kisha ua la kike hufungwa tena kwa uzi ikiwa mvua inatarajiwa. Wale wanaochuma maua kwa ajili ya kitoweo na wachume ya kiume baada ya kazi hii, si kabla yake.

Kuusaidia mmea kwa mkono si jambo geni. Omani, tangu kale, vishada vya mtende wa kiume hukatwa na kufungwa juu ya mtende wa kike. Katika kisiwa cha Réunion mwaka 1841, Edmond Albius, kijana mtumwa wa miaka 12, alivumbua njia ya kuchavusha ua la vanila kwa kijiti chembamba na kidole gumba. Mmea huo, uliotoka Meksiko, ulikuwa ukichanua mbali na kwao bila kuzaa. Vanila ya Bukoba, Uganda na Komoro huchavushwa hivyo hadi leo.

Si kila kitunda kinachooza kimekosa chavua, hata hivyo. Kikionekana kuwa na kitobo kidogo, na kikipasuliwa wakakutwa funza, mkosaji ni inzi wa matunda, ambaye hutaga mayai ndani ya boga changa. Dawa rahisi ni kukifunika kitunda kwa karatasi mara tu kinapoanza kukua, na kuvizika chini sana vile vilivyooza.

Nyanya ina shida ya namna nyingine. Kila ua lake lina uume na uke pamoja, na hujichavusha lenyewe. Lakini chavua imefungiwa ndani ya mirija, nayo haimwagiki mpaka ua litikisike. Nyuki wa asali hajui kulitikisa hivyo. Wale nyuki wakubwa weusi watoboao mbao za paa wanajua: hulishika ua na kuvuma kwa nguvu mpaka unga ukadondoka. Wasipokuwapo, mwenye bustani hukigonga kidogo kijiti kilichoushikiza mche, kati ya saa tatu na saa tano asubuhi.

Walakini kugonga hakusaidii ikiwa chavua yenyewe ni mbovu. Joto la mchana likipita nyuzi 32 za Sentigredi, na la usiku likizidi 21 hivi, chavua ya nyanya haitengenezeki vema, na maua hupukutika. Dar es Salaam, miezi ya Januari hadi Machi, joto la usiku mara nyingi haliteremki chini ya nyuzi 23 au 24. Mwezi Julai hushuka hadi karibu 19. Ndiyo maana Lushoto, huko milimani, huiletea Dar es Salaam nyanya wakati bustani za pwani zina maua matupu. Mkazi wa pwani atakaye nyanya zake mwenyewe na asie mbegu kitaluni katikati ya Aprili na kuhamisha miche mwishoni mwa Mei, ili maua yachanue Juni na Julai, usiku ukiwa wa baridi.